Chema Chajiuza, Hata Katika Soko la Simu

Ipo misemo miwili ya biashara ambayo kwa mtazamo wa kwanza yapingana. Wa kwanza ni wa wahenga, nao wasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili si wa kale sana, ulipata nguvu mijini, nao wasema biashara ni matangazo. Kwa miaka mingi mwenye duka dogo aliweza kuishi kwa msemo wa kwanza peke yake. Aliuza unga safi, akapima kwa haki, akawa na kauli njema kwa watoto waliotumwa dukani, na mtaa mzima ukamjua. Leo sehemu kubwa ya soko imehamia kiganjani. Muuzaji yuko Dar es Salaam na mnunuzi yuko Songea, hawajapata kuonana wala hawatarajii kuonana. Katika soko hilo kila kitu, chema na kibaya, hujitembeza mbele ya macho ya watu kutwa kucha. Swali linalotukabili ni hili: ikiwa vyote vyajitembeza, chema kitajulikanaje?

Swali hili si la anasa. Katika mitaa ya biashara ya miji yetu, kupata fremu ya duka ni kazi ya mwenye fedha. Kuna kodi ya miezi kadhaa ilipwayo kwa mkupuo, na mahali pengine kuna kilemba cha kumwondoa mpangaji aliyetangulia. Mama auzaye mchele wa Kyela, kijana ashonaye viatu vya ngozi, kikundi cha wanawake wasukao mikeka na vikapu, wote hao simu imewapa dirisha la duka lisilodai kilemba. Kwa wengi wao dirisha hilo ndilo ada ya shule, ndilo kodi ya chumba, ndilo dawa ya mtoto. Likifungwa, hawana jingine.

Lakini dirisha hilo hilo limemfungukia na mwongo. Ndiyo maana tunashikilia kwamba kutangaza biashara katika mitandao ya kijamii ni kazi ya kujenga imani kwanza, na ya kupiga mbiu baadaye. Mfanyabiashara asiyelielewa jambo hilo hujiharibia mwenyewe, na pia humharibia jirani yake aliye mwaminifu.

TABIA YA ENZI YA FOLENI

Ili tuelewe tulipo, yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni na nguo zilikuwa adimu nchini Tanzania. Watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mwaka 1983 Serikali iliendesha operesheni kubwa dhidi ya walanguzi, na watu wakasikika wakitupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Katika hali kama hiyo muuzaji hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu. Aliyekuwa na bidhaa alikuwa mfalme, na mnunuzi alishukuru kwa kupewa alichopewa.

Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, bidhaa zikarudi madukani, na katika miaka ya 1990 zikaja redio na televisheni za watu binafsi. Hata hivyo tangazo la redio au la televisheni lilikuwa la kampuni ya bia, ya sabuni au ya vinywaji baridi. Muuza mikeka hakuwa na njia ya kulilipia. Simu yenye intaneti ndiyo iliyouvunja ukuta huo. Kwa bahati mbaya, wengi wamelichukua soko jipya na kuingia nalo tabia ya enzi ya foleni. Humjibu mteja kwa mkato, huona swali la bei kuwa usumbufu, na huamini kuwa aliyekwisha kutuma fedha hana tena la kusema. Wamesahau kwamba siku hizi mnunuzi hapangi foleni. Akichoshwa, huhamia kwa muuzaji mwingine kwa kidole kimoja.

MWENYE UWANJA NI NANI?

Kabla ya kupanga bidhaa sokoni, mtu mwenye busara huuliza uwanja ni wa nani na mwenye uwanja anakula nini. Facebook ilianzishwa Marekani mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009, na Instagram mwaka 2010. Mwaka 2012 Facebook ilitangaza kuinunua Instagram kwa dola bilioni 1, na mwaka 2014 ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19 hivi. Kampuni hiyo, ambayo tangu Oktoba 2021 inaitwa Meta, hupata karibu mapato yake yote kutokana na matangazo. TikTok nayo, iliyoasisiwa na kampuni ya ByteDance ya China, hutegemea matangazo vilevile. Bidhaa wanayoiuza wenye viwanja hivi ni macho na muda wa watu.

Mfanyabiashara akilielewa hilo, mambo mengi yatamfungukia. Kibanda anachopewa bure si sadaka. Ni kompyuta ya mwenye uwanja inayoamua tangazo la nani lionekane na la nani lipite kimya, nayo hupendelea yale yanayowafanya watu wakae zaidi uwanjani. Mwezi Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa za kampuni na vyombo vya habari. Wafanyabiashara waliotumia miaka kukusanya wafuasi wakatambua kwamba kuwa na wafuasi 10,000 si sawa na kuonwa na watu 10,000.

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba wale wanaonunua wafuasi wa bandia hutupa fedha mtoni. Wafuasi hao hawali mchele wala hawavai viatu. Hali kadhalika kwa wale wanaomlipa mtu mashuhuri ashike bidhaa ambayo hajapata kuitumia, kisha aisifu kana kwamba hakulipwa. Tangazo la namna hiyo laweza kuleta msisimko wa siku mbili, lakini halijibu swali lililo moyoni mwa mnunuzi: nikituma fedha zangu, mzigo utanifikia?

JERAHA LA IMANI

Swali hilo lina sababu. Utaratibu wa biashara hii kwa watu wa mikoani unajulikana. Mnunuzi huona picha, huuliza bei, hutuma fedha kwa simu, na muuzaji hupeleka mzigo kituo cha mabasi, ukaandikiwa risiti na kusafirishwa. Katika utaratibu huo mnunuzi ndiye anayetangulia kubeba hatari yote. Fedha imekwisha kutoka, na alichonacho mkononi ni picha na ahadi.

Matapeli wameuona mwanya huo. Taifa lililokwisha kuzoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" linaufahamu ujanja wao. Tapeli huchukua picha nzuri za duka la ughaibuni, huweka bei ya chini kuliko ya jumla, husema mzigo umebaki mmoja tu, na akishapokea fedha humfungia mteja mlango. Baada ya muda ukurasa ule ule huibuka kwa jina jipya. Tena wako wasio matapeli kamili, bali ni wazembe wa ahadi. Huonyesha kitenge kizito na kutuma chepesi. Huandika mchele wa Kyela, kumbe wamechanganya na wa kwingineko. Huahidi siku mbili na kutuma baada ya wiki mbili.

Basi tutazame matokeo yake. Mnunuzi aliyetapeliwa hasemi kwamba fulani ni mwizi, maana huyo fulani hamjui jina wala sura. Husema kwamba biashara ya mtandaoni yote ni utapeli. Anawaambia mashoga zake, wafanyakazi wenzake na majirani, nao wanaacha. Hasara hiyo haimwangukii tapeli, ambaye amekwisha kwenda zake. Humwangukia yule mama mwenye mchele halisi, ambaye kesho atamwandikia mteja mpya maneno matamu na kujibiwa kwa ukimya.

Imani katika biashara si jambo geni kwetu. Kwa vizazi kadhaa wanawake wa pwani, kabla ya kulipa, wameikunjua kanga na kutafuta ukingoni maneno "Mali ya Abdulla", chapa ya duka maarufu la Mombasa. Hawakumhitaji Abdulla awaapie. Chapa ile ilikuwa ahadi iliyotimizwa mara nyingi kiasi kwamba jina peke yake likawa tangazo. Ukurasa wa mfanyabiashara mtandaoni hauna budi kuwa ukingo wa kanga wa namna hiyo: mtu akiliona jina, moyo utulie.

MIZANI IWEKWE HADHARANI

Jambo la kwanza ni bei. Umezuka mtindo wa kuweka picha ya bidhaa na kuandika chini yake, "bei njoo inboksi". Wenye mtindo huu wana hoja zao, nasi tuzisikilize. Husema wanaficha bei wasiigwe na washindani, na kwamba mteja akija faraghani huwa rahisi kumshawishi. Lakini mshindani naye ana simu. Akitaka bei ataiuliza kama mteja. Anayeachwa nje ni mnunuzi wa kweli mwenye haya na haraka, ambaye hudhani kwamba bei iliyofichwa hupimwa kwa sura ya mwulizaji. Katika soko la mitaani twaweza kupatana bei kwa sababu tunaonana uso kwa uso. Mahali ambapo hatuonani, bei iliyoandikwa ndiyo uso wa muuzaji.

La pili ni picha. Picha ya bidhaa iwe ya bidhaa yenyewe, ipigwe mchana penye mwanga wa jua, pasipo mapambo ya kuibadili rangi. Kiatu kionyeshwe nyayo na mshono wake. Kikapu kiwekwe kando ya kitu ambacho ukubwa wake unajulikana na kila mtu. Video fupi ya fundi akishona, au ya mchele ukimiminwa na kupimwa kwenye mizani, ina nguvu kuliko sifa mia, kwa sababu mwongo aliyeazima picha ya mtu mwingine hawezi kuitoa.

La tatu ni maneno. Kiswahili kinachoeleweka, kisicho na vifupisho vya kumchosha msomaji, ni sehemu ya bidhaa. Tangazo liseme kipimo, aina, mahali muuzaji alipo, gharama ya kusafirisha, siku za kufika, na mzigo ukiwa na kasoro utarudishwaje. Maelezo hayo yakiwekwa mara moja katika orodha ya bidhaa ya WhatsApp Business, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2018, muuzaji hujiokoa na kazi ya kujibu maswali yale yale kila siku, na mnunuzi hupata mahali pa kurejea endapo ahadi itavunjwa.

La nne ni malipo. Anayelipa kwa simu huoneshwa jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Ikiwa ukurasa wajiita duka fulani na jina linalotokea ni la mtu asiyetajwa popote, mnunuzi ana haki ya kusita. Kwa hiyo ni faida kwa mfanyabiashara kuwa na namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina lile lile analolitangaza. Kwa wateja wa mjini, kumpelekea mtu mzigo kwa bodaboda akague ndipo alipe ni gharama kwa muuzaji, lakini mara nyingi ni tangazo la bei nafuu kuliko yote.

La tano ni lawama. Wako wafutao kila neno la mteja aliyenung'unika, wakidhani wamelinda jina. Kumbe waliosoma kabla halijafutwa wamekwisha kuona mawili: kosa, na kulificha kosa. Mwenye duka anayejibu mbele ya watu wote kwamba mzigo ulichelewa, kwamba amezungumza na mteja na kumrudishia fedha au kumbadilishia bidhaa, hupata wateja kutokana na lawama hiyo hiyo. Watu hawatafuti muuzaji asiyekosea. Wanatafuta asiyewakimbia akikosea.

La sita ni heshima ya mteja mwenyewe. Picha ya mteja akifurahia bidhaa ni shahidi mzuri, lakini shahidi huombwa ruhusa. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya Sh. 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023. Anayebandika namba ya simu ya mteja au mazungumzo ya faragha ili kujisifu, au ili kumwaibisha mteja aliyeghairi kununua, anacheza na sheria na kufukuza watu kwa pamoja.

HESABU YA KWELI

Wafanyabiashara wengi hupima matangazo yao kwa idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda. Hicho ni kipimo cha furaha, si cha biashara. Tuchukue mfano mdogo wa kufikirika. Muuza viatu amelipia tangazo la Sh. 30,000. Watu 40 wameuliza, 6 wamenunua, na kila jozi imempa faida ya Sh. 4,000. Amepata Sh. 24,000, maana yake tangazo limemtia hasara ya Sh. 6,000. Wengi hukata tamaa hapo, au huongeza fedha na kupiga mbiu zaidi.

Lakini tuseme viatu vilifika kwa wakati, vikawa imara, na watatu miongoni mwa wale 6 wakarudi mwezi uliofuata bila kuitwa na tangazo lolote. Faida imeongezeka kwa Sh. 12,000, jumla Sh. 36,000, na hasara imegeuka kuwa ziada ya Sh. 6,000. Ikiwa mmoja wao amemleta shemeji yake, hesabu inazidi kunoga. Tangazo lilimleta mteja mara ya kwanza tu. Mara ya pili aliletwa na kiatu chenyewe. Hapa ndipo misemo ile miwili inapopatana: matangazo hukionyesha chema, na chema kikishaonwa hujiuza.

Kwa sababu hiyo atakaye kulipia matangazo na aanze kwa fedha kidogo, alijaribu tangazo moja kwa mji mmoja na kwa watu wa rika moja, kisha aandike: wangapi waliuliza, wangapi walinunua, wangapi walirudi. Wale 34 waliouliza bila kununua wana jambo la kumfundisha. Pengine usafirishaji ni ghali, au majibu yake yalichelewa hadi usiku. Asikimbilie kuwa katika kila mtandao. Ni afadhali kibanda kimoja chenye mtu ndani kuliko vibanda vinne vilivyofungwa.

DAFTARI LA WATEJA

Iko hatari moja ambayo wengi hawaifikirii mpaka iwafike. Jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi kutokana na hitilafu ndani ya kampuni yenyewe. Hapa Tanzania, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mwenye duka la mtaani aliweza walau kumjua mteja wake kwa nyumba. Aliyekuwa na ukurasa tu alibaki hana hata njia ya kusema kwamba yupo. Zaidi ya hayo, ukurasa huweza kuibiwa na wadukuzi, au kufungwa na mwenye uwanja bila maelezo ya kuridhisha.

Dawa yake ni ya zamani: daftari. Kila aliyenunua aandikwe, kwa idhini yake, jina, namba ya simu, mji na alichokinunua. Ujumbe mfupi wa kawaida hauhitaji intaneti, na simu ya sauti haihitaji ukurasa. Hata katika WhatsApp kuna kanuni yenye mafunzo: ujumbe utumwao kwa watu wengi kwa mkupuo humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya mtumaji katika simu yake. Mtu haihifadhi namba ya asiyemwamini. Kwa hiyo kipimo bora cha duka la mtandaoni huenda kikawa hiki: ni wateja wangapi wamelihifadhi jina lako?

Mnunuzi naye ana wajibu. Asikimbilie bei isiyo na akili. Katika kurasa nyingi za Instagram huweza kuonekana ukurasa ulianzishwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Dakika moja ya kutazama hayo yaweza kumwokolea mshahara. Vyombo vya dola navyo visiyachukulie malalamiko ya Sh. 20,000 kuwa madogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, na watu elfu moja walioibiwa Sh. 20,000 kila mmoja wameibiwa milioni 20. Vyama vya wafanyabiashara vyaweza kuanza bila kungoja mtu: viwatambue wanachama wao kwa majina na mahali walipo, viwadhamini mbele ya wanunuzi, na vimtoe nje hadharani yule anayedanganya.

Soko hili ni changa, na heshima yake inajengwa sasa na wale wanaolitumia sasa. Kila mzigo unaofika kama ulivyoahidiwa hufungua mlango kwa wauzaji wengine ambao mnunuzi bado hajawajua. Kila mzigo wa hila hufunga milango ambayo wengine walikuwa wameifungua kwa jasho. Mfanyabiashara anayeshika simu asubuhi kutangaza bidhaa yake na ajiulize kwanza kama mteja wa juzi ameridhika. Akiwa ameridhika, tangazo la leo limekwisha kuanza kufanya kazi.